Ishirini, na Zote Ndizo Zenyewe

Jioni moja mtaani Kilimani, kwenye ufunguzi wa maonyesho ya chapa, mzee mmoja aliyevaa koti la kijivu alisimama kwa muda mrefu mbele ya picha ya matatu. Aliisogelea, akavua miwani, akasoma kwa sauti maandishi madogo ya penseli chini ya picha, upande wa kushoto: 7/20. Kisha akamgeukia msanii.

"Kijana, kazi ni nzuri. Lakini hii ni ya saba. Ile yenyewe iko wapi?"

"Hii ndiyo yenyewe, mzee."

"Na zile nyingine kumi na tisa?"

"Nazo ndizo zenyewe."

Mzee alitikisa kichwa kwa adabu, akamshika msanii mkono, akaenda zake chumba cha pili kutazama michoro ya rangi za mafuta. Sikumshangaa. Wapigachapa wa Nairobi huulizwa swali hilo karibu kila wanapotundika kazi ukutani, na wengi wamechoka kulijibu. Lakini hapo ndipo penye fundo. Ukishaelewa kwa nini zote ishirini ni zenyewe, utaelewa karibu kila kitu kuhusu jinsi msanii wa aina hii anavyojenga jina nje ya nchi: kazi yake inavyovuka forodha, makumbusho yanavyoinunua, na kwa nini msanii anaweza kufanya maonyesho London na Dakar mwezi mmoja bila kuondoka nyumbani.

Kiswahili chenyewe kimetuongezea utata. Neno "chapa" tumelibebesha mizigo mingi. Ng'ombe hupigwa chapa, sabuni ina chapa yake, mtoto mtukutu huchapwa, kazi huchapwa, na aliyekosa nauli huchapa lapa. Gazeti rasmi hutoka kwa Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Kwa hivyo ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba fulani ni msanii wa chapa, akili yake inakimbilia River Road, kwenye maduka ya kadi za harusi na mabango ya kampeni, ambako unapeleka faili ndani ya flashi asubuhi na kurudi jioni kuchukua nakala mia tano. Huko ni kweli kuna ile yenyewe: imo ndani ya flashi, na zinazotoka kwenye mashine ni nakala zake. Chapa ya msanii haina flashi. Kabla karatasi haijakutana na ubao, picha haipo popote.

Niliwahi kukaa siku mbili ndani ya karakana ya msanii mmoja nikiangalia kazi hiyo, na nitaieleza nilivyoiona, maana bila kuiona mtu huamini tu kwa kuambiwa.

Alikuwa na ubao wa MDF wenye ukubwa wa mlango wa kabati. Juu yake alikuwa amechora kwa kalamu nene matatu ikikata kona, kondakta akining'inia mlangoni. Kila kitu kilikuwa kinyume. Dereva alikaa kushoto, na neno "Kencom" kwenye kioo cha mbele lilianzia kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimegeuzwa kama zinavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia. Ubao ukipigwa kwenye karatasi kila kitu hujigeuza, kwa hiyo anayechonga lazima afikirie kinyume kwa wiki nzima. Alichonga kwa patasi ndogo zenye ncha za V na za U. Alipochonga patabaki peupe. Alipoacha ndipo patakapochukua wino. Kwa hivyo hachongi mistari, anachonga mwanga unaoizunguka, na akiteleza hakuna kifutio.

Kisha wino. Aliumwaga kwenye kipande cha kioo, wino mzito wa mafuta, akaupitisha rola mbele na nyuma huku ameinamisha sikio. Nilimuuliza anasikiliza nini. Akasema wino ukiwa mzito mno hunata na kulia kwa sauti ya kuchanika, na ukiwa tayari hutoa sauti nyembamba kama kitu kinachokaangwa chumba cha mbali. Alipoisikia aliupaka ubao, akalaza karatasi juu yake, karatasi nene ya pamba, akachukua kijiko cha kawaida cha mezani. Hakuwa na mashine. Alisugua mgongo wa karatasi kwa mgongo wa kijiko, duara dogo kwa duara dogo, kuanzia kona moja hadi nyingine, kwa muda unaokaribia saa nzima. Katikati ya kazi aliinua kona ya karatasi akachungulia, jinsi mtu anavyofunua sufuria kuona kama wali umekauka maji, akairudisha, akasugua zaidi pale alipoona pamefifia.

Alipoibandua ile karatasi, picha ilizaliwa mbele yangu. Nasema ilizaliwa kwa sababu sina neno sahihi zaidi. Mama mwenye watoto ishirini hana mtoto mmoja aliye yeye na wengine kumi na tisa walio nakala zake. Wamefanana kwa kuwa tumbo ni moja, lakini kila mmoja amebebwa na kuuguliwa kivyake. Chapa ya pili ilimgharimu yule msanii saa nyingine, kijiko kile kile, bega lile lile.

Sasa nambari. Ile 7/20 maana yake toleo zima lina karatasi ishirini na hii ni ya saba. Katikati huandikwa jina la kazi na kulia sahihi na mwaka, vyote kwa penseli, kwa kuwa penseli haififii kama wino wa kalamu na ni rahisi kujua kama imechezewa. Kando ya toleo msanii hujiwekea chapa chache zenye herufi A/P, ambazo kwa desturi hazizidi sehemu ya kumi ya toleo. Toleo likiisha, ubao hufutwa: huchongwa mikwaruzo mikubwa katikati ili usipige tena. Wengine hutumia njia isiyohitaji hata hilo. Huchonga kidogo wakapiga rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, wakachonga zaidi ubao ule ule wakapiga rangi ya pili juu yake, na kuendelea hivyo, hadi rangi ya mwisho inapoingia ubao umeliwa karibu wote. Fred Mutebi wa Uganda amejulikana kwa mbao za rangi nyingi za namna hiyo. Hapo hata msanii mwenyewe akitaka kudanganya hawezi, kwa kuwa alichohitaji ili kurudia rangi ya kwanza kimeshakuwa vumbi la mbao sakafuni.

Nambari basi ni ahadi. Msanii anamwambia mtu asiyemjua, labda wa Osaka au Chicago, kwamba ziko ishirini na hazitafika ishirini na moja. Wote wawili wanajua kwamba mnunuzi hataweza kuja Nairobi kuchungulia karakana. Anachokuwa nacho ni neno la msanii, lililoandikwa kwa penseli kwenye ukingo mweupe wa karatasi.

Mimi mwenyewe nilijifunza thamani ya ukingo huo kwa uchungu. Nilinunua chapa ya yule msanii, ya kwanza maishani mwangu, nikaipeleka kwa fundi wa fremu katikati ya mji. Nilipoirudia siku ya tatu ilikuwa imeng'aa nyuma ya kioo, imekaa sawasawa ndani ya fremu iliyokuwa tayari dukani. Ili ikae sawasawa, walikuwa wamekata sentimita tatu za karatasi nyeupe pande zote. Nambari, jina na sahihi vilikuwa vimeenda na takataka. Fundi hakuona kosa. "Picha yenyewe sijaigusa," aliniambia, na alikuwa anasema kweli kwa jinsi alivyoelewa.

Turudi kwenye safari. Mchoraji wa rangi za mafuta akiuza mchoro wake, umekwenda. Ukikaa sebuleni kwa mtu Muthaiga, mratibu wa maonyesho wa Ufaransa ataona picha yake kwenye simu tu. Mpigachapa anaweza kuwa na nambari 3 kwenye sanduku la makumbusho, nambari 8 kwa daktari wa Mombasa, na nambari 12 kwenye kibanda cha 1-54, yale maonyesho ya sanaa ya Afrika yaliyoanzishwa London mwaka 2013 na Touria El Glaoui, ambayo jina lake linahesabu bara moja na nchi 54. Kazi moja inatembea njia tatu kwa wakati mmoja. Tena ni nyepesi. Mchonga mawe anahitaji kreti na meli. Mpigachapa anakunja karatasi zake ndani ya bomba la kadibodi na kuzishika mkononi hadi kwenye ndege. Na kwa kuwa ziko ishirini, kila moja ina bei ambayo mwalimu au nesi anaweza kuilipa kwa awamu. Umaarufu wa wapigachapa wengi ulianzia kwa wanunuzi wa namna hiyo, kabla ya matajiri kufika.

Ila kuna mambo yasiyosameheka. La kwanza ni karatasi. Ikiwa na asidi itageuka manjano na kukatika, na hakuna makumbusho yatakayoitaka hata kama mchongo ni wa ajabu. Ndiyo maana msanii anayekula githeri kibandani mchana hununua karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba kutoka Italia au Uingereza. Jirani anaona ubadhirifu. Kumbe hiyo ndiyo pasipoti ya kazi.

La pili ni forodha, na hapa ningependa msomaji anifuate polepole, kwa kuwa ndipo swali la yule mzee linapopata jibu la kisheria. Nchi karibu zote, Kenya ikiwemo, hupanga bidhaa zinazovuka mipaka kwa mfumo mmoja wa nambari. Chapa asilia za kisanaa zina nambari yao: 9702. Masharti ya kuingia hapo yameandikwa. Chapa iwe imepigwa moja kwa moja kutoka bamba (ubao wa yule msanii nao ni bamba) moja au zaidi ambayo msanii ameyatengeneza yote kwa mkono wake, kwa mbinu yoyote na kwenye kitu chochote, mradi isiwe njia ya kimashine au ya kipicha. Ikishindwa mtihani huo inaangukia 4911, pamoja na katalogi za biashara na mapicha ya kuchapishwa ya kawaida. Tofauti inalipwa kwa fedha. Uingereza, kwa mfano, sanaa ya 9702 inapoingia hutozwa VAT ya asilimia 5, na bidhaa ya kawaida asilimia 20.

Angalia sheria inachouliza. Haiulizi zipigwe ngapi. Haiulizi hata ni nani aliyezungusha gurudumu la mashine ya kubania karatasi siku ya kupiga. Inauliza mkono wa nani uliotengeneza bamba. Afisa wa forodha wa Heathrow na mzee wa Kilimani wana swali moja. Tofauti ni kwamba afisa amepewa jibu. Naona sheria hii ina ukali usio wa haki kwa wasanii wanaochanganya picha za kamera na mchongo wa mkono, na wako wengi siku hizi. Lakini kwenye jambo la msingi imesema wazi: nyingi zinaweza kuwa asilia zote.

Hilo la nani alizungusha gurudumu lina historia nzuri. Mohammad Omer Khalil alizaliwa Khartoum mwaka 1936, akasomea Florence, akahamia New York mwaka 1967. Ni bingwa wa kuchora kwa tindikali kwenye mabamba ya chuma, kazi zake nyeusi tititi zenye weusi wa aina nyingi. Lakini kwa miaka mingi mikono yake ilipiga pia chapa za wengine, majina makubwa ya Marekani kama Louise Nevelson na Romare Bearden. Bamba la Nevelson, mikono ya Khalil, sahihi ya Nevelson, na hakuna aliyeibiwa. Katika ulimwengu wa chapa, fundi bingwa anayejua kulitoa bamba la mwenzake jinsi mwenyewe alivyolisikia moyoni huheshimiwa kama mpiga ngoma anayemfuata mwimbaji. Khalil alikuwa vyote viwili, mwimbaji na mpiga ngoma, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akienda Asilah, Morocco, kufundisha kwenye karakana ya tamasha la mji huo.

Njia yake inaonyesha jambo ambalo wengi hulisoma vibaya kwenye wasifu wa wasanii. Ukiona mpigachapa amekwenda ukaazi wa kisanii, yaani kualikwa kuishi na kufanya kazi kwa muda, Uholanzi, kisha Marekani, kisha Afrika Kusini, usidhani ni utalii. Mara nyingi anatafuta mashine. Mashine ya kupigia bamba la chuma ina rola nzito za kubana karatasi kwa nguvu ambayo hakuna kijiko kitakachoifikia, na kwa miaka mingi Nairobi imekuwa na chache mno. Johannesburg ilielewa hili mapema: Artist Proof Studio ilianzishwa mwaka 1991 na Kim Berman na Nhlanhla Xaba, ikafundisha vijana wa mitaani. Mwaka 2003 moto uliteketeza jengo, na Xaba akafia humo. Waliobaki waliijenga upya, na ingali inafundisha.

Na wakati mwingine mashine ikikosekana, au dawa ikikosewa, hutokea jambo jipya. Bruce Onobrakpeya wa Nigeria, aliyezaliwa mwaka 1932, alijifunza chapa kwenye warsha fupi za Ibadan na Osogbo miaka ya 1963 na 1964 chini ya Mholanzi Ru van Rossem. Mwaka 1967 alitumia tindikali isiyofaa kwenye bamba la zinki, ikalila bamba hadi kulitoboa. Aliliweka pembeni akidhani limeharibika. Baadaye akaliziba kwa gundi kali, akapiga, na karatasi ikatoka na picha iliyotuna, yenye mabonde na vilima unavyoweza kuvisikia kwa kidole. Kutokana na ajali hiyo alizaa mbinu yake mwenyewe. Alionyesha kwenye Bienale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa ya kila miaka miwili, mwaka 1990, na mwaka 2023 High Museum ya Atlanta ilimfanyia maonyesho yaliyokuwa na mfululizo wake wa Njia ya Msalaba, aliouchonga kwenye lino, ile malighafi laini ya kutandika sakafuni, mwaka 1969. Miaka 54 ndani ya karatasi. Tangu 1998 huendesha warsha ya Harmattan kijijini kwao Agbarha-Otor, ambako wasanii huenda kwake badala ya kwenda Ulaya.

Na Nairobi? Hapa msingi uliwekwa zamani, na kwa ajabu uliwekwa juu ya neno "kuiga". Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliposhirikiana na wenzake kufungua kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mwaka 1965, jina lenye paa mnyama na paa ya kupaa, alikuwa na kauli yake ambayo kila aliyepita pale anaikumbuka: usiige, kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Ukiifikiria haraka, kauli hiyo ni kinyume cha chapa. Ukishaona kijiko kikizunguka kwa saa nzima kwa ajili ya karatasi moja, utajua kwamba hapo hakuna anayeiga kitu.

Baadaye ikaja Gallery Watatu, kisha Kuona Trust iliyoanza mwaka 1995 ndani ya Makumbusho ya Kitaifa, kisha kituo cha sanaa cha GoDown kwenye Industrial Area mwaka 2003. Mazingira hayo ndiyo yaliyomlea Peterson Kamwathi, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1980. Kamwathi alijijengea jina kwa chapa za mbao na kwa michoro mikubwa ya makaa. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 alichora mfululizo aliouita Sitting Allowance: safu za watu wa taasisi wamekaa au kusimama bega kwa bega, wazito, wakingoja posho ya kikao. Hata anapochora kwa makaa unaona mkono uliolelewa na ubao: maumbo mazito, kingo safi, watu waliopangwa kama herufi kwenye mstari. Dennis Muraguri naye amefanya matatu kuwa ulimwengu mzima, mbao kubwa zenye makondakta, michoro ya ubavuni na foleni isiyoisha. Mtu wa Berlin akiitazama kazi ya Muraguri huona rangi na fujo. Mtu wa mtaa wa Umoja, Nairobi, huona njia yake ya kwenda kazini, na husimama akitafuta nambari ya ruti.

Wangechi Mutu alifuata njia nyingine. Alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akasoma New York na Yale, na wengi humjua kwa kolaji zake na kwa sanamu nne za shaba zilizowekwa mbele ya Metropolitan Museum mwaka 2019. Lakini mwaka 2012 alitoa mkusanyiko wa chapa tisa, The Original Nine Daughters. Kwa msomaji wa Kenya jina hilo halihitaji maelezo: ni mabinti wa Gikuyu na Mumbi. Wagikuyu huwataja mabinti hao "kenda muiyuru", tisa waliotimia, ingawa wapo kumi, kwa kuwa si desturi kuhesabu watoto wa mtu wakaisha. Nimelifikiria sana jambo hilo. Msanii anachukua watoto ambao kwao hawahesabiwi, anawapiga kwenye karatasi, kisha desturi ya chapa inamtaka aandike nambari chini ya kila mmoja.

Kazi ikishakuwa na nambari, karatasi nzuri na msimbo wa forodha, hufika haraka kuliko aliyeipiga. Mpigachapa mwenyewe akitaka kusafiri anahitaji mwaliko, taarifa ya benki, barua ya makazi, na kwa nchi za Schengen euro 90 ambazo hazirudishwi akinyimwa viza. Nimewaona wasanii wakitazama ufunguzi wa maonyesho yao wenyewe kwa simu, wamekaa kwenye ngazi za karakana.

Na wakati mwingine anayekuzibia njia ni bendera yako. Bienale ya Venice hugawa nafasi kwa mataifa, na mwaka 2013 banda la Kenya lilijaa wasanii wa China pamoja na Mwitaliano aishiye pwani yetu. Mwaka 2015 mpango ukawa karibu ule ule. Wasanii wa Nairobi walipiga kelele, wakakusanya sahihi, Michael Soi akachora mfululizo wa aibu hiyo, na mwishowe serikali ikajitenga na banda lile. Mwaka 2017 Kenya ilikwenda Venice na Wakenya, Kamwathi akiwa miongoni mwao, chini ya uratibu wa Jimmy Ogonga. Mwaka 2022 wakarudi tena. Mtu akisema wasanii wetu wanalalamika tu, mkumbushe kwamba banda hilo lilirudishwa kwa malalamiko.

Imebaki fedha, nayo nitaipitia kwa ufupi. Galari kwa kawaida huchukua karibu nusu ya bei. Si wizi kama inalipia ukuta, katalogi na safari za kwenda kwa wakusanyaji; ni wizi kama inatundika tu na kungoja. Jambo linalouma zaidi hutokea baadaye, kazi inapouzwa tena. Mchoro The Conservationists wa Michael Armitage, mwana wa Nairobi, uliuzwa mnadani New York mwaka 2019 kwa takriban dola milioni 1.5, na Marekani haina sheria ya kitaifa inayompa msanii sehemu ya mauzo ya pili. Uingereza inayo tangu 2006, ikianzia asilimia 4. Kenya iliiingiza haki hiyo kwenye sheria ya hakimiliki kwa marekebisho ya 2019, asilimia 5 ya bei. Chapa pia zimo katika haki ya namna hiyo, ila Uingereza huuliza swali letu la siku zote: toleo lina idadi iliyowekewa mpaka, na msanii ameliidhinisha? Asiyeandika nambari zake kwa uaminifu leo anajinyima pensheni ya kesho.

Ndiyo maana kila mpigachapa makini ana daftari. La yule msanii wangu ni kaunta-buku lenye jalada jeusi, kona zimechakaa, kila ukurasa toleo moja: nambari, tarehe, jina la aliyechukua, mji. Miezi miwili baada ya kisa cha fremu nilirudi kwake na chapa yangu iliyokatwa. Sikujua nilitaka nini hasa. Labda aweke sahihi upya pembeni mwa picha, labda anipe nyingine.

Aliitoa kwenye fremu, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema hawezi kupiga nyingine kwa sababu ubao ulishafutwa, akanionyesha umeegemezwa ukutani, mkwaruzo ukipita katikati ya uso wa kondakta. Na hawezi kuandika juu ya picha, kwa kuwa hakuna nyingine katika toleo hilo iliyoandikwa hivyo.

Alifungua daftari, akatafuta ukurasa, akashuka kwa kidole hadi mstari wa kumi na moja palipokuwa na jina langu. Akaichonga penseli, na mbele ya neno "Nairobi" akaandika, kwa herufi ndogo zilizosimama vizuri: ukingo umekatwa, chapa iko salama.